Familia Inaomba Faragha

Tangazo la msiba wa Bibi Apolonia liliandikwa kwa dakika kumi na moja, na halikuwa na kosa hata moja la herufi. Aliyeliandika ni binti yake, Auleria Kamugisha, akiwa ndani ya gari lake nje ya Hospitali ya Mloganzila, kiyoyozi kikivuma, mfuko wenye kanga mbili na rozari ya marehemu ukiwa mapajani. Hakuwa amelia bado. Kwa miaka ishirini na miwili kazi yake ilikuwa ni kuandika wakati wengine wanalia.

Alikuwa Mkurugenzi wa Mawasiliano na Uhusiano wa Umma katika kampuni ya maziwa ambayo pakiti zake ziko kwenye kila duka la Dar es Salaam. Wiki tatu hizo sura yake ilikuwa haikauki kwenye televisheni. Mtindi wa kampuni ulikuwa umeharisha watu, watoto kadhaa wamelazwa, na yeye ndiye aliyesimama mbele ya vipaza sauti kila siku akieleza. Kwa hiyo asubuhi hiyo ya Jumatano vidole vyake vilikuwa vinaijua njia.

"Familia ya Kamugisha inasikitika kutangaza kifo cha mama yetu mpendwa, Bibi Apolonia, kilichotokea leo alfajiri. Mazishi yatafanyika Jumamosi saa nane mchana, makaburi ya Kibamba. Huduma zote za chakula, viti na usafiri zimekwisha kuandaliwa, hivyo majirani wanaombwa wasijisumbue. Katika kipindi hiki kigumu, familia inaomba faragha. Kwa maelezo zaidi wasiliana na Bw. Brightson, Mratibu."

Brightson alikuwa msaidizi wake wa kazini. Auleria alilisoma tangazo mara mbili, akaondoa neno moja, akalituma kwenye kundi la simu la majirani, la jumuiya ya kanisa na la ofisini. Kisha akaegemea kiti, akafumba macho.

Siku nne kabla ya hapo, mama yake alikuwa amemshika mkono kwenye kitanda cha wodi. "Msinipeleke Bukoba," alisema Bibi. "Kule walionijua wamekwisha. Nizikeni hapahapa Kibamba, nizikwe na watu wanaonijua. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Niahidi."

"Nakuahidi, Mama."

Ahadi ilionekana nyepesi. Auleria alikwisha kuandaa mikutano ya watu elfu mbili, na mawaziri ndani yake.


Alhamisi saa tatu asubuhi, turubai jeupe lilikuwa limesimama uani, na chini yake viti mia mbili vyenye vitambaa na utepe wa zambarau. Kulikuwa na meza ya kitabu cha rambirambi na kalamu yake. Kulikuwa na vijana sita wa kampuni ya chakula, wamevaa vizibao vyeusi, wamesimama nyuma ya masinia yenye moto chini.

Saa nne walifika watu wa ofisini, magari mawili. Walikaa dakika arobaini. Walisaini kitabu, wakapiga picha ya pamoja na mfiwa, mmoja akamnong'oneza Auleria kwamba magazeti ya leo yametulia, ashukuriwe Mungu. Wakanywa soda, wakaondoka kwa sababu barabara ya Morogoro mchana haina adabu.

Baada ya hapo hakuja mtu.

Auleria alikaa kwenye kiti cha mbele akiwa ameshika simu. Kila gari lilipopunguza mwendo nje, aliinua shingo. Saa saba. Saa nane. Upepo ukawa unacheza na tepe za zambarau. Kijana mmoja mwenye kizibao akamsogelea kwa heshima.

"Madam, chakula ni cha watu mia na hamsini. Tufungue, au tusubiri wageni?"

"Subirini kidogo."

"Tumesubiri tangu saa sita, madam. Wali unakauka."

Zuena, msaidizi wa nyumbani, alikuwa amekaa kwenye ngazi za jikoni, mkono shavuni. Alikuwa mwanamke wa Tanga, miaka arobaini na kitu. Miaka sita, tangu Bibi ahamie pale, ndiye aliyekuwa akimkanda miguu na kumsindikiza jumuiyani kila Jumamosi asubuhi.

"Mama," alisema Zuena, "viti mia mbili, na tuliokaa ni sie wawili na paka wa jirani. Na paka naye kaja kwa ajili ya kuku."

"Watu wapo kazini, Zuena. Watakuja jioni."

"Kazini wote? Hata Mama Tupokigwe, mwenyekiti wa jumuiya? Kazi gani, naye kastaafu ualimu mwaka wa kumi huu?"

Jioni simu iliita. Alikuwa kaka yake Erasmus, akitafuta ndege ya kutoka Bukoba.

"Dada, pole. Mko wangapi hapo? Kinamama wamekwisha kutandika mikeka?"

Auleria alitazama sebule. Sofa zilikuwa mahali pake, meza ya kioo mahali pake, zulia halijakunjwa. Katika msiba, kitu cha kwanza majirani hufanya ni kutoa sofa nje na kutandika mikeka, wanawake walale na mfiwa mpaka siku ya kuzika. Hapa hata stuli haikuwa imesogea.

"Wapo," alisema. "Wapo wengi."

"Nipe hata mmoja nimsalimie, nimshukuru."

"Wako kwenye sala sasa hivi."

Akakata simu. Kwa mara ya kwanza tangu jana alisikia uso unawaka. Huko nyuma aliwahi kuficha mengi kwa lugha nzuri, lakini hakuwahi kumdanganya Erasmus.


Ijumaa asubuhi iliingia simu ya Katekista Elibariki wa parokia.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina."

"Pole sana, mama. Padre ameniagiza nikuulize jambo. Kesho Misa iwe na kwaya, au iwe ya kimya? Maana mwenyekiti wa jumuiya ametueleza kwamba familia haitaki watu."

"Nani amesema haitaki watu?"

Katekista alikohoa kidogo. "Mama, iko kwenye tangazo. Wasijisumbue. Faragha. Sisi tukafikiri labda ni mambo yenu ya kazini, waandishi wa habari na nini. Tukasema tuwaheshimu."

Auleria alifungua tangazo lake, akalisoma kama mtu mwingine. Ofisini maneno yale yalikuwa ukuta dhidi ya waandishi. Ukuta huohuo alikuwa ameupandisha mlangoni kwa mama yake.

Akafanya lile alilolijua. Alikaa mezani, akaandika tena. Juu kabisa aliweka kichwa cha habari: "Ufafanuzi kuhusu Tangazo la Awali." Chini yake alieleza kwamba familia inathamini mchango wa majirani, kwamba maneno ya awali huenda yalieleweka tofauti na yalivyokusudiwa, na kwamba wote wanakaribishwa. Akatuma. Alama za bluu zikajitokeza moja moja, watu wanasoma. Baada ya robo saa likaja jibu moja tu, kutoka kwa mtu ambaye hakulitambua jina lake: "Pole sana. Tunawaombea tukiwa majumbani kwetu."

Alikwenda chumbani kwa mama yake, akapiga magoti kando ya kitanda. Alitaka kusali. Alipoanza alijisikia anavyosali: "Ee Mungu mwema, tunatambua changamoto zilizojitokeza..." Hata sala yake ilikuwa na utangulizi na hoja tatu. Akanyamaza. Alikaa hapo kwenye sakafu bila neno lolote, na huenda hiyo ndiyo ilikuwa sala yake ya kwanza kwa miaka mingi.

Zuena alikuwa mlangoni.

"Nikwambie kitu, mama, hutanifukuza?"

"Sema."

"Kwa watu wa huku msiba hautumwi kwenye simu, ukaishia hapo. Anatoka mtu wa nyumba hiyo, anapita mlango kwa mlango, anasema kwa kinywa chake. Hata kama wameshajua. Hasa kama wameshajua. Bibi alipokuwa na nguvu, ikitokea msiba wa mtu, alikuwa anapitishaga habari mpaka kule bondeni na fimbo yake."

"Sasa niende wapi? Mimi simjui mtu hapa, Zuena."

Hakuwa amewahi kulisema. Aliishi Kibamba miaka kumi na mitatu. Alitoka saa kumi na moja na nusu alfajiri kukimbia foleni, akarudi watu wameshafunga milango. Jumapili alisali mjini, Misa ya kwanza, kiti cha karibu na mlango. Michango ya jumuiya aliipeleka Bibi.

"Nitakuonyesha nyumba," alisema Zuena. "Lakini hodi utapiga wewe."


Alijifunga kanga ya mama yake kiunoni, akavaa ndala. Gari aliliacha.

Nyumba ya kwanza ilikuwa inayopakana na ukuta wake. Alitoka mzee mwenye kofia ya kufuma, Mzee Khalfani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Alimtazama kutoka chini mpaka juu. "Wewe ndiye mwenye jenereta?"

"Ndiyo, mzee. Mimi ni... naishi hapo. Nimekuja kukuambia kwamba mama amefariki."

"Innaa lillahi. Tumesikia. Tukaambiwa tusije." Akarekebisha kofia yake. "Haya, sasa umekuja mwenyewe. Nitasogea."

Nyumba ya pili mwanamume mwenye fulana alisema poleni na kufunga geti kabla Auleria hajamaliza. Ya tatu msichana alisema mama hayupo, na sauti ya mama ikasikika ndani ikiuliza ni nani huyo. Ya nne, ya tano. Kwenye nyumba ya Mama Tupokigwe alikaribishwa, akapewa maji, akasikilizwa kwa adabu yote. Mwisho mwenyekiti akasema, "Sisi wa jumuiya tutakuwepo kwenye Misa, hilo ni wajibu. Kuhusu nyumbani, nenda kwa Munira. Yeye ndiye katibu wa kikundi chetu cha kufa na kuzikana. Masufuria yako kwake, na kinamama wanamsikiliza yeye. Lakini, dada..."

"Ndiyo?"

"Nenda na moyo mpana."

Munira alikuwa na duka dogo mwisho wa barabara ya vumbi, friji moja la kioo, magunia mawili ya mchele na benchi nje. Zuena akabaki kwenye benchi. Auleria akapiga hodi.

"Karibu. Sukari imekwisha, kama ni unga upo," alisema Munira bila kuinua uso. Alikuwa anapima maharage. Alipouinua, mkono ukasimama. "Aa. Msemaji."

"Naitwa Auleria."

"Nakujua. Nani asiyekujua? Kila saa mbili usiku unatuingilia sebuleni bila hodi. Leo ndo umepiga."

"Nimekuja kukuambia kwamba mama amefariki."

"Tumesoma."

"Nimekuja kukuambia kwa kinywa."

Munira aliweka kopo chini, akafuta mikono. "Haya. Sema."

Auleria akafungua mdomo. Alikuwa ameongea mbele ya kamera zisizohesabika, hajawahi kukwama. "Mama," alisema. "Mama ame..." Neno halikutoka. Kilichotoka ni sauti ambayo hakuifahamu, kama ya mtoto aliyeanguka, na machozi yaliyokuwa yamengoja tangu Jumatano yakashuka yote pamoja, mbele ya magunia ya mchele. Mteja aliyekuja kununua kiberiti akarudi nyuma polepole.

Munira hakumkumbatia. Alimsogezea ndoo iliyopinduliwa, akasema, "Kaa." Akamwacha alie mpaka alipomaliza.

"Jana," alisema Munira baadaye, "kinamama ishirini na sita tulikaa hapo nje na masufuria. Tumejifunga kanga, kuni tumeshazifunga. Tunaulizana, twende, tusiende? Mama Tupokigwe akasema hawa ni watu wakubwa, wameomba faragha, tusije tukafukuzwa getini mbele za watu. Tukarudisha masufuria ndani. Bibi wetu, tunamlilia vyumbani kama vile tumemuiba."

"Nilikosea."

"Hilo moja." Munira akagonga kioo cha friji kwa kucha. "Hili unaliona? Tangu nilinunue halijazimwa hata siku moja. Naweza nikalala njaa, umeme wa hili nanunua. Wewe ukasimama kwenye TV ukasema wauzaji wa rejareja wanazima majokofu usiku kubana matumizi, ndiyo maana mtindi unaharibika. Kesho yake mtu ninayemuuzia mwaka wa nane ananiuliza, Munira, kumbe unatuzimia? Wiki nzima sikuuza hata yai."

Auleria aliyakumbuka maneno yale. Aliyaandika mwenyewe, akajivunia jinsi yalivyokaa.

"Mama alijua?"

"Bibi ndo aliniokoa! Alikuja na fimbo yake, akakaa benchi hilo siku nne. Anamwita kila anayepita. Wee baba nanihii, njoo ununue chumvi kwa mjukuu wangu. Anaagiza mtindi, anaunywa mbele ya watu, anapangusa mdomo. Wa kampuni nyingine, lakini. Wenu alisema, 'Huo wa mwanangu uweke kando kwanza.'" Munira akacheka bila kutaka, akajikaza tena. "Nikamuuliza, Bibi, kwani mwanao ametusingizia? Kwa nini usimuulize? Akanijibu, 'Mwanangu kazi yake ni kuongea na watu kutwa. Akifika nyumbani maneno yamekwisha. Namhurumia, simuulizi.'"

Nje Zuena alipenga kamasi.

Auleria alikaa juu ya ndoo akitazama vidole vyake. Wote waliomfahamu mjini walimsifu kwa kujua la kusema. Mama yake alikula naye meza moja miaka sita, akijua kwamba binti yake hana la kusema.

"Haikuwa friji lako," alisema hatimaye. "Wala la mtu yeyote. Ulikuwa mtambo wa kuchemshia maziwa, kiwandani. Ulikuwa haufikishi moto. Ripoti niliisoma asubuhi, mchana nikaenda kusema yale."

Munira alichukua tena kopo lake la kupimia.

"Yale uliyasema mbele ya nchi. Haya unaninong'oneza dukani."

Auleria alipangusa uso kwa pindo la kanga.

"Haya, tutakuja," alisema Munira, na tayari alikuwa anafungua mlango wa stoo. "Usidhani ni kwa ajili yako. Kwa ajili yako tusingekuja. Bibi alikuwa mwanachama, michango yake haina pengo."


Walikuja saa kumi, wakiwa na masufuria vichwani. Hawakumwomba mtu ruhusa. Waliwaambia vijana wa vizibao wafunge masinia yao waende kwa amani. Walitoa sofa nje, wakakunja zulia, wakatandika mikeka. Mafiga yakapangwa nyuma ya nyumba, moshi ukajaa mpaka chumba cha wageni ambacho hakikuwahi kulaliwa na mgeni.

Auleria alizunguka katikati yao bila kazi. Alipochukua kisu ili amenye ndizi, mwanamke mmoja akamnyang'anya kwa upole. "Dada, wewe kaa na wafiwa."

"Mfiwa ni mimi peke yangu."

Yule mwanamke akacheka, kisha akaona aibu, akainama kwenye ndizi zake. Auleria akaenda kukaa mkekani. Kila aliyeingia alilia kwa sauti, na kila aliyelia alitaja jambo. Bibi alinifundisha kufuma. Bibi alinikemea nikaacha pombe. Bibi alilala na mwanangu hospitali siku mbili. Auleria alisikiliza kama mgeni anayesimuliwa habari za mji. Simu yake iliita mara tisa, mpigaji ni Brightson; akaiweka chini ya mto.

Jumamosi Misa ilifanyika palepale uani, na viti mia mbili havikutosha. Mzee Khalfani na wenzake walisimama kando ya ukuta. Erasmus alikuwa amefika alfajiri, macho mekundu. Safu ya mbele walikaa Mkurugenzi Mtendaji wa kampuni na mameneja watatu, suti nyeusi, na nyuma yao mwandishi mmoja wa habari ambaye Brightson alimwalika kwa nia njema.

Kabla ya jeneza kutolewa, Katekista Elibariki alitangaza kwamba sasa utasomwa wasifu wa marehemu. Auleria alisimama na karatasi mbili. Alisoma mahali pa kuzaliwa, ndoa, watoto, miaka ya ualimu wa chekechea. Sauti yake ilikuwa ileile ya televisheni, thabiti na safi. Alifika mwisho wa karatasi ya pili, mahali paliposema kwamba marehemu aliugua kwa muda mfupi. Badala ya kukaa, akaendelea kusimama. Mtoto akalia, akanyamazishwa.

"Mwezi uliopita," alisema, na sasa sauti ilikuwa nyingine, ya chini, "mama yangu alikaa siku nne dukani kwa Munira ili watu warudi kununua. Alifanya hivyo kwa sababu yangu. Mimi nilisema kwenye televisheni kwamba wauzaji wanazima mafriji. Haikuwa kweli. Mtambo wa kiwandani ndio uliokuwa mbovu, na nilikuwa najua. Mama hakuwahi kuniuliza. Naomba... naomba hili liingie kwenye wasifu wake, kwa sababu ni kazi yake ya mwisho aliyoifanya."

Hakuna aliyepiga makofi. Mkurugenzi Mtendaji alikuwa anatazama viatu vyake. Erasmus alimtazama dada yake kana kwamba amemwona kwa mbali, barabarani. Nyuma kabisa, kwenye moshi, Munira alisimama na mwiko mkononi. Kisha akageuka, akaendelea kukoroga.

Katekista akaanzisha wimbo, na majirani wakalibeba jeneza.


Jumatatu Brightson alipiga simu, na safari hii Auleria akapokea.

"Shikamoo, mama. Bosi anasema... upumzike kwanza."

"Mpaka lini?"

"Hakutaja tarehe."

Baadaye kidogo ikatoka taarifa ya kampuni. Ilisema kwamba yaliyosemwa Kibamba ni kauli ya mfiwa aliyelemewa na majonzi, na kwamba uchunguzi unaendelea. Auleria aliisoma mpaka chini, akampigia Brightson.

"Ni wewe uliyeiandika?"

"Ndiyo, mama. Nisamehe. Nina watoto."

"Imeandikwa vizuri," alisema Auleria, na alikuwa anasema kweli.

Erasmus alirudi Bukoba. Kinamama walifagia uwanja, wakahesabu masufuria yao, wakakunja mikeka, wakaaga. Sofa zikarudi ndani. Siku zilizofuata nyumba ilikuwa kubwa mno. Simu iliyokuwa ikiita tangu alfajiri ilikaa mezani kama sahani tupu. Waandishi walimtafuta siku mbili, wakapata habari nyingine. Asubuhi aliamka saa kumi na moja kama kawaida, akaoga, akavaa, kisha akakumbuka. Alijaribu kusali. Safari hii hakuandaa kitu. Alisema, "Mungu wangu, niko hapa," na baada ya hapo hakuwa na la kuongeza, akakaa tu mpaka jua likapanda.

Siku ya kumi na moja Munira alisimama getini na daftari lenye jalada la bluu. Hakuingia ndani.

"Nafasi ya Bibi kwenye kikundi iko wazi," alisema. "Mchango ni elfu mbili kwa mwezi. Nimekuja kuuliza kabla sijampa mtu mwingine."

Auleria alifungua mdomo kumshukuru. Munira akainua mkono.

"Ngoja kwanza. Sie hatutafuti msemaji, tunao wengi, na wote wanasema kwa wakati mmoja. Tunatafuta mtu wa kuosha masufuria. Bibi alikuwa haoshi kwa sababu ya miguu, tukamsamehe. Wewe miguu unayo."

"Nianze lini?"

"Kuna msiba kule bondeni. Kijana wa bodaboda. Sasa hivi."

Walishuka pamoja. Nyumba ilikuwa ya matofali yasiyopigwa lipu, imejaa watu mpaka njiani. Munira alimwonyesha mahali pa maji nyuma ya nyumba, akampa stilwaya na kipande cha sabuni, akaenda zake kupima mchele. Wanawake waliokuwa pale walisogea kidogo, wakampisha, hawakumwuliza kitu. Sufuria la kwanza lilikuwa limeungua, jeusi ndani na nje. Auleria akapandisha mikono ya gauni, akaingiza mkono mpaka kiwikoni.

Kutoka mlangoni alitokea mwanamke aliyejifunga kanga kichwani, macho yamevimba. Alikuwa mama wa yule kijana. Alimwona mwanamke mgeni amechuchumaa kwenye maji machafu, akili yake ikajaribu kumkumbuka, ikashindwa.

"Munira," aliuliza, "na yule ni nani?"

Munira hakugeuka kutoka kwenye mchele.

"Ni wa Bibi Apolonia," alisema.

Mfiwa akaitikia kwa kichwa, akaridhika, akarudi ndani kulia.